Simu Isiyo na Namba

(Somo la redio kwa watu wazima, katika mfululizo wa historia ya mitambo. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa hewani, kwa matumizi ya vikundi vya wasikilizaji.)

Leo nataka tuzungumze habari za simu. Namna ya kupiga simu sitaifundisha, maana hata mtoto wa darasa la kwanza aijua. Nataka tuitazame kumbukumbu ya simu, yaani lile andiko dogo linalobaki baada ya watu wawili kuzungumza na kuagana: nani alipiga, alimpigia nani, saa ngapi, walizungumza muda gani, na nani aliyepokea.

Tuseme Bwana mmoja umeme umekatika nyumbani kwake. Anapiga simu kwenye ofisi kubwa ya kampuni, mahali ambapo wahudumu kwa makumi wamekaa, kila mmoja na kompyuta yake mbele na spika masikioni. Bibi mmoja anapokea, anamsikiliza kwa adabu, anamhamishia kwa fundi. Fundi anamwahidi kwamba watakuja. Kesho yake hawajaja, naye anapiga tena. Anajibiwa, “Samahani, Bwana, hapa hatuoni kwamba ulipiga jana.” Bwana yule hasemi uongo. Mhudumu naye hasemi uongo. Simu ilipigwa, watu wawili waliisikia, lakini daftari haliijui.

Kumbukumbu ile imekwenda wapi? Ndilo swali la leo. Mafundi wengi hulitafuta jibu kwa kufungua na kufunga mitambo ovyo, kwa kuwa hawajui jambo hili lilianzaje. Kwa hiyo tutarudi nyuma kwanza.

Ofisi ya kwanza ya biashara ya kuunganisha simu ilifunguliwa katika mji wa New Haven, Marekani, tarehe 28 Januari 1878, ikiwa na wateja 21. Wakati ule hakuna aliyekuwa na namba. Ulimwita karani, ukamtajia jina la mtu, naye akaziunganisha nyaya. Karani aliwajua wote. Mnamo mwaka 1879 ugonjwa wa surua uliingia katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Husimuliwa kwamba daktari mmoja wa hapo, Moses Greeley Parker, aliingiwa na wasiwasi: makarani wa simu walikuwa wanne tu, na wote wanne wakiugua, nani atakayejua waya upi ni wa nani? Akashauri kila mteja apewe namba, ili hata mgeni aweze kuishika kazi siku hiyohiyo. Basi namba ya simu ilizaliwa kwa hofu ya kupoteza habari zilizokuwa vichwani mwa watu wanne.

Lakini angalieni, namba ile ilikuwa ya mtu. Simu yenyewe, yaani mazungumzo ya saa nne asubuhi tofauti na yale ya saa tano, haikuwa na namba. Kwa simu za mbali karani alijaza tikiti ya karatasi: namba ya anayepiga, namba ya anayepigiwa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kwa simu za mjini, mahali pengi palifungwa kidude cha kuhesabu kwa kila mteja. Kila simu iliyojibiwa ilisukuma gurudumu hatua moja. Vidude hivyo vilipangwa ukutani kwa mamia, na mwisho wa mwezi vilipigwa picha ili makarani wasome hesabu. Mteja akilalamika, “Mimi sikupiga simu hizi zote,” ofisi haikuwa na la kumwonyesha ila gurudumu. Lilijua ngapi, halikujua zipi.

Sasa twafika mwaka 1948, nami nawaomba mnisikilize hapa kwa makini, maana mambo yote ya baadaye yametoka hapa. Mwaka huo, katika mji wa Media, jimbo la Pennsylvania, kampuni ya Bell ilianza kutumia mtambo mpya wa kuunganisha simu pamoja na chombo cha kuandika kumbukumbu peke yake. Chombo hicho kilitoboa matundu katika utepe mpana wa karatasi. Kwa kila simu iliyojibiwa kilitoboa mara tatu. Mara ya kwanza, mpigaji alipokwisha kuzungusha namba: fulani anamwita fulani. Mara ya pili, aliyeitwa alipojibu: saa hii. Mara ya tatu, simu ilipokatwa: saa hii.

Jambo hili laonekana rahisi. Lakini chombo kimoja kilihudumia laini 100, na watu hawangojani. Juma anaanza, Asha anajibiwa, Petro anakata, kisha Juma ndiyo kwanza anajibiwa. Matundu ya simu moja yalitawanyika katika utepe, katikati ya matundu ya wengine. Utajuaje kwamba tundu la kujibiwa hapa ni la mazungumzo yaleyale yaliyoanza kule juu? Wahandisi wakaipa kila laini namba ya tarakimu mbili, toka 00 hadi 99, na namba hiyo ilitobolewa katika kila andiko. Utepe ulipopelekwa ofisi ya hesabu, mashine ilikusanya maandiko yote yenye namba 37, kwa mfano, na kuyapanga kwa wakati: kuanza, kujibiwa, kukatwa. Vipande vitatu vikawa simu moja.

Ni kama hospitali. Mgonjwa hupewa kadi yenye namba mlangoni. Daktari huandika kwa namba ile, maabara hujibu kwa namba ile, dirisha la dawa hutoa kwa namba ile. Namba ikifutika njiani, majibu ya damu yatakuwapo mezani, tena sahihi kabisa, lakini hayana mwenyewe.

Na tangu siku hizo kosa la leo lilikuwapo. Sindano moja ya kutoboa ikikwama, kipande kimoja hukosekana. Simu yenye mwanzo na mwisho bila kujibiwa yaweza kuwa na maana mbili: ama mwenye nyumba hakuwapo, ama alijibu na mashine ikashindwa kuandika. Utepe hauwezi kukuambia ipi ni ipi. Kwa maoni yangu, fundi akifahamu jambo hilo moja amekwisha pata nusu ya elimu ya kazi yake: kukosekana kwa andiko hakuonyeshi kwamba tendo halikutendeka.

Mambo ya katikati nitayapitia upesi. Mwaka 1965 mtambo mkubwa wa kwanza wa simu unaoendeshwa kwa elektroniki kwa mfano wa kompyuta ulianza kazi Succasunna, New Jersey. Mwaka 1973 kampuni ya Rockwell iliitengenezea Continental Airlines, shirika la ndege, mtambo ulioitwa Galaxy, wa kuwapanga wapigaji katika foleni na kuwagawia wahudumu. Vituo vikubwa vya kupokea simu vikaenea. Ndipo wenye kazi wakataka zaidi: simu inapoingia, kompyuta ya mhudumu ifungue papo hapo jalada la mteja yule. Kwa hiyo mtambo wa simu na kompyuta, vyombo viwili vilivyotengenezwa na watu mbalimbali kwa fikira mbalimbali, vikafungwa nira moja.

Na nira hii ndiyo yenye matata. Mtambo hauipi kompyuta mazungumzo. Huipelekea taarifa fupi fupi: simu imefika, simu inalia kwa mhudumu huyu, imejibiwa, imehamishwa, imekatwa. Mwezi wa Juni 1992 chama cha watengenezaji wa kompyuta cha Ulaya, ECMA, kilitoa kanuni za lugha hiyo, na katika kanuni hizo kila simu ina namba yake ya utambulisho. Ni utepe wa Media uleule, ila karatasi haipo tena.

Tumrudie sasa Bwana wetu wa umeme. Alipopiga, mtambo uliipa simu yake namba, tuseme 512. Bibi aliyepokea alipotaka kumhamishia kwa fundi, alianza kwanza kuzungumza na fundi, na hayo ni mazungumzo mapya, namba 513. Alipowaunganisha wawili hao na yeye kujitoa, mitambo mingi huifuta namba moja na kuendelea na nyingine. Kompyuta isipofahamishwa kwamba 512 amekuwa 513, au ikifahamishwa na mtunga programu hakujali, basi 512 aonekana kama mtu aliyepiga na kukata, na 513 aonekana kama mazungumzo ya ndani baina ya wafanyakazi wawili. Habari zote za Bwana zilikuwa zimeshikamana na 512. Hakuna aliyeziiba. Zimezikwa pamoja na namba iliyokufa.

Ziko njia nyingine za kupotea. Waya baina ya mtambo na kompyuta hukatika dakika mbili, na taarifa za dakika hizo mara nyingi hazirudiwi. Mhudumu huketi kwenye simu ambayo kompyuta haikuambiwa iiangalie. Saa ya mtambo iko mbele ya saa ya kompyuta kwa dakika tatu, hata aliyetafuta simu ya saa nne kamili haioni, kumbe imeandikwa saa nne na dakika tatu. Hili la saa laonekana dogo mno, na kwa hiyo huwa la mwisho kuangaliwa. Mimi ningeliangalia la kwanza.

Mwindaji mzuri afanyeje? Asianze na lundo la simu zilizopotea. Aanze na simu moja ambayo yeye mwenyewe anajua ilipigwa: aipige kwa mkono wake, kutoka simu anayoijua, aandike saa kwa saa moja tu ya mkononi, amwombe mhudumu aihamishe, kisha aifuate mlango hata mlango. Je, laini ya kuingilia imeihesabu? Je, mtambo uliipa namba gani? Taarifa ngapi zilitoka, na kompyuta ilipokea ngapi? Mahali ambapo mlango mmoja unasema “nimemtoa” na wa pili unasema “sikumwona”, hapo ndipo pa kuchimba. Baadaye na azitazame zile zilizopotea zote kwa pamoja, maana hupotea kwa ukoo. Zikiwa zote ni za kuhamishwa, ni habari ya namba. Zikiwa za dakika moja, ni waya. Zikiwa za mhudumu mmoja, mwende mkatazame meza yake kabla hamjamshutumu kwamba ni mvivu.

Simu zilipoanza kupita katika intaneti kosa halikwisha. Kanuni za mwaka 2002 ziliipa kila simu utambulisho wake, lakini vyombo vya mpakani, vinavyokaa baina ya kampuni na kampuni, viliupokea na kuandika mwingine kabla ya kupitisha simu mbele. Mwaka 2016 wahandisi wa intaneti walitoa kanuni ya utambulisho wa pili, ambao lazima ubaki uleule toka mwanzo hadi mwisho. Tangu Media hata hapo ni miaka 68.

Mpaka hapa tumezungumza habari za fedha na usumbufu. Lakini ziko simu ambazo zikipotea, kinachopotea ni uhai. Nitawapeni visa viwili, cha kwanza cha mwaka uleule wa 1992, mjini London.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilipokea simu kwa karatasi. Karani aliandika habari za mgonjwa katika fomu, fomu ikapanda mkanda unaotembea, ikafika kwa mtu aliyezisoma zote. Mtu huyo alikuwa na kazi moja ambayo watu wengi hawakuithamini: alipoona fomu mbili za ajali moja, alizishika pamoja. Tarehe 26 Oktoba 1992 karatasi iliondolewa, kompyuta ikachukua kazi. Kompyuta ilitaka kujua wakati wote kila gari liko wapi na linafanya nini. Lakini redio hazikusikika vizuri kila mtaa, na madereva waliokuwa katika haraka hawakubonyeza vitufe kwa utaratibu. Basi kompyuta ikaanza kuamini mambo yasiyo kweli. Ikatuma magari mawili mahali pamoja, na pengine haikutuma lolote. Kila ilipotatizika iliandika onyo. Maonyo yakajaa, ya zamani yakapanda juu na kutoweka katika kioo kabla ya mtu kuyasoma. Wenye wagonjwa, walipoona gari haliji, walipiga tena. Kila kupiga tena kuliandikwa kama ajali mpya, kwa kuwa yule mtu wa kushika fomu mbili pamoja hakuwapo tena. Kumbukumbu zilizopotea zikazaa kumbukumbu za ziada, na hizo zikazifunika zilizobaki. Siku ya pili, alasiri, walirudia nusu ya kazi kwa mikono, na tarehe 28 mkuu wa huduma alijiuzulu.

Tarehe 4 Novemba, usiku wa manane umepita, kompyuta ilisimama kabisa. Sababu ilikuwa kipande kidogo cha programu kilichosahauliwa ndani yake wiki chache kabla. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua nafasi kidogo katika kumbukumbu ya mashine na hakikuirudisha. Makarani wakachukua kalamu. Magazeti ya siku zile yaliandika hesabu za watu waliokufa kwa kuchelewa. Sitazirudia, maana hazikuthibitishwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwaka 1993 ilisema neno la kufikirisha: katika zile siku mbili za Oktoba kompyuta haikuharibika. Ilifanya kama ilivyotengenezwa kufanya.

Kisa cha pili ni cha Marekani, mwaka 2014. Huko mtu mwenye dharura hupiga 911. Katika Englewood, jimbo la Colorado, palikuwa na kituo cha kompyuta kilichopokea simu za 911 kutoka majimbo mbalimbali na kuzigawa kwa vituo vya polisi na zimamoto vya mahali panapohusika. Ili kuigawa simu, kompyuta iliipa kwanza namba ya pekee. Namba zilitolewa kwa mfuatano, na mtunga programu aliweka mpaka: milioni 40. Bila shaka alipoweka, mpaka ule ulionekana mbali.

Kabla ya usiku wa manane, tarehe 9 Aprili 2014, hesabu ilifika milioni 40. Simu iliyofuata haikupata namba, na isiyo na namba haikuweza kwenda popote. Na iliyofuata vilevile. Kwa muda wa saa zipatazo sita, simu zaidi ya 6,600 za dharura hazikufika. Vituo 81 vya kupokea viliathirika, katika majimbo saba: California, Florida, Minnesota, North Carolina, Pennsylvania, South Carolina na Washington, mahali penye watu zaidi ya milioni 11. Katika jimbo la Washington mwanamke mmoja alipiga 911 mara 37 huku mtu akivunja nyumba yake. Kwa bahati njema tume ya serikali ya mawasiliano haikuona kwamba kuna aliyekufa kwa sababu ya usiku ule.

Kituo cha pili cha akiba kilikuwapo, Miami, kizima kabisa. Simu hazikuhamishiwa huko mapema kwa sababu kompyuta ya Englewood haikujiona mgonjwa. Ilitoa maonyo, ni kweli, lakini maonyo ya namna hiyo yalikuwa yamewekwa katika daraja la chini, pamoja na mambo madogo madogo ya kila siku. Wahudumu wa vituo vya mbele nao walikaa mbele ya simu zilizonyamaza. Fikirini hali yao, ndugu zangu: usiku umetulia, hakuna anayelia, na kila kioo kinaonyesha kwamba mambo ni salama. Mahali pao palikuwa na amani kwa sababu hakuna aliyeweza kuwafikia.

Mafundi walipogundua hesabu ilipokwamia, waliupandisha mpaka na simu zikapita. Mwaka 2015 kampuni mbili kati ya zilizohusika zilikubaliana na serikali kulipa: CenturyLink dola milioni 16, na Intrado, yenye kituo cha Englewood, dola milioni 1.4. Tume iliandika kwamba ajali ile ingaliweza kuzuiwa. Nami naona hivyo. Kompyuta yoyote inayohesabu simu zinazoingia kwa waya na zile zinazotoka kwa namba ingaliona, katika dakika chache tu, kwamba upande mmoja kuna mamia na upande wa pili kuna sifuri. Wale makarani wa New Haven, na wateja wao 21, wangaliliona hilo kwa macho.

Somo la leo lakomea hapo. Vikundi vya wasikilizaji, kazi yenu ya juma hili ni hii. Chagueni ofisi moja mnayoijua inayotoa namba: zahanati, ghala la ushirika, au ofisi ya simu yenyewe kama mnao rafiki huko. Fuateni namba moja kutoka dirisha la kwanza mpaka la mwisho. Andikeni ni wapi inanakiliwa kwa mkono, ni wapi inabadilishwa na kuwa nyingine, na nani anayejua kwamba ya zamani na mpya ni kitu kimoja. Mtakapokutana, msimamizi wa kikundi ayasome maandishi hayo kwa sauti, na mbishane.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza habari za saa ya reli na jinsi miji ilivyokubali kufuata wakati mmoja. Kwaherini.